Butoni Yenye Herufi B

Nilikuwa na ampli isiyojua kusema polepole. Tonton, mdogo wake mama, aliileta kutoka Uvira ikiwa imefungwa ndani ya blanketi, zawadi ya kunifariji baada ya kushindwa mtihani wa serikali. Ilikuwa na swichi moja tu, ya kuwasha na kuzima. Ukiiunganisha na mashine ya kaseti, muziki ulitoka wote kwa nguvu, madirisha yakatetemeka, na jirani akaanza kumwita Mungu.

Umeme nilijifundisha peke yangu, katika kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada nilichokipata sokoni Kadutu, hapa Bukavu. Kitabu kilisema kwamba mbele ya ampli huwekwa kitu kinachoitwa préampli, na kwamba iko aina moja isiyohitaji umeme hata kidogo: kisanduku, soketi mbili, na butoni ya sauti katikati. Ukurasa ule niliusoma mara nyingi bila kuuelewa. Kazi ya ampli ni kukuza. Sasa kitu kisichokuza chochote, kinachopunguza tu, kwa nini kiitwe ndugu wa ampli? Nilikuwa nikila ugali na swali hilo mdomoni.

Wiki hiyo tulikuwa tunangoja wageni. Familia ya mchumba wa dada yangu ilikuwa inakuja siku ya yenga, baada ya misa, kumwomba rasmi.

"Bageni batapenda musiki," papa aliniambia huku akifunga kola ya abakosti yake, "lakini hata neno moja ya muzee wabo isipotee. Unasikia? Ile mashine yako ikituletea haya, lundi unaenda Kavumu kwa baba mukubwa, kulima. Mambo ya umeme itaisha."

"Na miye nikikosa bwana juu ya makelele yako," dada alisema, "tutaenda Kavumu wote wawili. Weye utalima, miye nitakutukana."

Papa hakuwa anatania. Kwetu, anayekuja kuomba binti hapandishi sauti, maana anayeomba kwa kelele anaonekana analazimisha. Muzee husema chini chini, na ni aibu kumwambia arudie.

Nikachukua mkebe wa maziwa ya unga, uwe kile kisanduku cha préampli. Niliutoboa kwa msumari, nikasugua kingo za matundu mpaka kidole kilipita bila kukwaruzwa, kisha nikausugua wote kwa majivu, ingawa hakuna aliyeomba ung'ae. Waya nilizipima mara tatu kabla ya kuzikata. Butoni ya sauti ina miguu mitatu: wa kwanza unapokea muziki, wa katikati unaupeleka kwenye ampli, wa tatu unafungwa kwenye bati. Kitabu kilionya kwamba ziko butoni za namna mbili. Yenye herufi A hupanda sawasawa kwa hesabu, lakini sikio halisikii kwa hesabu. Kwa muziki inatakiwa B, ambayo huanza taratibu.

Kwa fundi wa redio wa Kadutu nilichakura droo nzima mpaka nikaipata. B, imeandikwa wazi.

Ijumaa nikajaribu. Kwenye sifuri, kimya. Nikageuza kidogo tu, ikapiga kelele. Nikarudisha, kimya. Katikati palikuwa na nafasi nyembamba kama ukucha, na kutoka hapo hadi mwisho sikusikia tofauti ya maana. Nilifungua nikachomea waya upya. Nikafungua tena. Mara ya nne niliacha kuushuku mkebe, nikaanza kujishuku mwenyewe. Herufi ilikuwa ile ile ya kitabu. Basi ubaya lazima ulikuwa masikioni mwangu.

Nikamwita dada. "Sikiliza. Hapa, na hapa. Unasikia tofauti?"

"Nasikia unanichosha."

"Sikiliza vizuri."

"Huku inalia, kule hailii. Unataka nini tena, ingénieur?"

Siku ya posho, kesho yake, papa aliuliza kama kazi imekwisha. Nilijibu, "Iko tayari, papa." Nilidanganya.

Siku ya yenga wageni walijaa sebuleni, kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, katikati yao. Mimi nilikuwa pembeni, vidole viwili juu ya butoni, nimeishikilia kwenye ile nafasi ya ukucha. Muziki ulisikika kwa mbali, kama unapigwa nyumba ya tatu. Mkono uliniuma mpaka begani.

Muzee wa upande wa kijana akasimama. Nilitaka kupunguza kidogo tu, kidogo kabisa. Ikakatika yote.

Muzee akageuka. "Nani amefunga musiki?"

Papa alinitazama, nami niliiona Kavumu machoni mwake, pamoja na jembe.

"Ni miye, muzee."

"Uko na akili. Kwa nyumba ingine nilikuwa naongea mambo ya ng'ombe, musiki inaongea mambo ya bapenzi. Bakacheka miye. Uyu mutoto balimulea."

Watu wakacheka. Niliacha kidole palepale, kwenye sifuri. Muzee akasema yake, kwa sauti ndogo, na hakuna neno lililopotea. Papa alipokubali na akina mama wakapiga vigelegele, nilitaka kurudisha muziki kidogo. Ukalipuka wote. Wakafikiri nilikuwa nimeungojea wakati huo huo, wakainuka kucheza, muzee akiwa mbele.

Lundi, kesho yake, sikupelekwa Kavumu. Nilikwenda kwa fundi na mkebe wangu. Akaisoma butoni, akacheka.

"Citoyen, kitabu yako iliandikwa Ulaya. Hii kitu inatoka Japon. Kwabo B ni ile ya hesabu. Ya musiki iko A."

"Nani alizigeuza?"

"Sijue. Uliza Bajapon."

Akanipa A. Papa alinikuta nimeshafungua mkebe.

"Unaharibu nini tena?"

Ndipo nikamwambia yote: kwamba herufi ilikuwa mbaya, kwamba sikuzima kwa adabu, nilipotelewa na sauti, na hata zile kelele za furaha zilinitoroka. Papa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa, akitabasamu.

"Umeanza kujishusha kama muzee. Wacha. Muzee alisema, ikanyamaza. Bamaman balifurahi, ikalia. Usiguse kitu."

Dada amekwisha kwenda kwa bwana yake. Papa akitoka kazini anaigeuza ile B mwenyewe, kimya au yote, na huwaonyesha wageni mkebe wa mtoto wake. Butoni A iko mfukoni mwangu. Naigeuzageuza kwa kidole gumba nikijiuliza kama nilibaki Bukavu kwa sababu najua kazi hii au kwa sababu siijui, na jibu silipati. Nikiwa peke yangu nyumbani naitafuta ile nafasi ya ukucha. Jana niliipata kwa nusu ya wimbo. Halafu lori likapita barabarani, meza ikatikisika, nikaipoteza.