Kikombe Chenye Rangi ya Kucha

Nilijua nina homa ya ini kwa sababu nilitoa damu kanisani. Baadaye nikapigiwa simu nikiwa sokoni Gakoromone, nimekalia gunia la viazi nabishana na mteja. Ati nije, kuna jambo limeonekana kwenye damu yangu. Mimi! Mimi ambaye sijawahi kulazwa hata siku moja.

Daktari alinieleza polepole. Homa ya ini aina ya B hupita kwa damu, kwa ngono, na mama anaweza kumwambukiza mtoto akimzaa. Kikombe au sahani, hapana. Huenda nilizaliwa nayo, kwa hivyo nimlete mama apimwe upesi, maana ini huharibika kimyakimya.

Nikarudi nyumbani Kiirua, nikamwambia mama nusu. Kwamba ninaumwa, nilisema. Kwamba labda ilitoka kwake, ulimi ulikataa. Nilimwomba tu naye aende kupimwa.

"Mimi ni mzima," akasema. "Si unaona shamba lote hili nalima mwenyewe?"

Kesho yake nikakuta kikombe changu cha bati kimepakwa rangi nyekundu ya kucha kwenye mkono, kimewekwa peke yake dirishani. Nikamwambia daktari amesema vyombo havina shida. Akaitikia vizuri sana, na kikombe kikabaki pale pale. Iliniuma, haki ya Mungu. Miezi ikapita hivyo, yeye akikataa kupimwa, mimi nikinywa chai yangu kwa hasira.

Shule zikikaribia kufunguliwa, mama huwanyoa wajukuu uani. Ndivyo alivyotunyoa hata sisi: beseni la maji, sabuni, wembe mmoja. Siku hiyo alianza na mimi, kwa kuwa nami hunyoa kipara. Akanikata kidogo nyuma ya sikio, akapangusa wembe kwa leso yake, akamwita mtoto wa kaka yangu.

"Njoo, zamu yako."

Nilichemka. Nikampokonya ule wembe.

"Ala, mama! Kikombe unakitenga, halafu damu yangu unataka kumpaka mtoto? Na huenda ni wewe ulinipa huu ugonjwa! Ndiyo maana daktari anakutaka!"

Mama akakaa kwenye kigoda, povu likimkaukia mikononi. Ningeweza kuyarudisha yale maneno, ningeyarudisha.

Jumatatu alivaa nguo zake za kanisani, tukaenda hospitali. Kaka yangu naye alikuja, akapatikana hana, akaanza kuchanjwa siku hiyo hiyo. Mama alikuwa nayo. Ini lake lilikuwa limeshaanza kuwa na makovu. Daktari alisema dawa ipo, ya kila siku, itazuia yasizidi, lakini ingekuwa heri angekuja mapema. Aliposema hivyo nilitazama sakafu.

Jioni mama alichemsha chai. Akaenda dirishani, akachukua kile kikombe cha rangi nyekundu, akajimiminia.

"Mama, hicho ni changu."

"Najua." Akanywa, akakiweka mezani. "Ulijua tangu siku ile ya kwanza kwamba labda ni mimi?"

"Nilijua."

"Na ukaninyamazia miezi yote hii?"

Nilichukua kikombe chake cha kila siku, nikamimina chai, nikashindwa kuinywa.