Nyumba ya Mama Mkwe Isiyotoa Moshi

Nilijiona mwerevu kuliko kijiji kizima cha Mlali. Wajerumani walitoza kodi kila nyumba, nasi tulikuwa na mbili: yetu na ya mama mkwe. Nikamtuma mke wangu amkataze mama yake kuwasha moto, maana nyumba isiyotoa moshi huonekana gofu. Tungeokoa kodi, na kuni pia. Bibi wa watu akakaa siku tatu ndani, kimya, kwenye baridi ya Uluguru.

Akida, mtoza kodi wao, alipofika na askari wake mbele ya nyumba hiyo, nikainamisha uso. "Mwenye nyumba alifariki, bwana."

"Pole," akasema, kisha akamgeukia askari. "Choma. Magofu hufuga chui."

Mke wangu alikuwa mtoni. Kwetu mwanamume haingii kwa mama mkwe wake. Hata kumtazama usoni ni mwiko. Nikangoja atoke mwenyewe. Hakutoka, baridi ilikuwa imemkaza miguu. Nami nikaendelea kuheshimu mila mpaka paa likashika moto.

Ndipo nikavunja mlango, nikatoka nimembeba, mikono yake imeungua, kijiji kizima kikitazama.

"Nani huyu?" akida akauliza.

Mama mkwe akakohoa. "Ndimi marehemu, bwana. Muulize mkwe wangu nilikufa lini, mimi sikuarifiwa."