Saa Nzima ya Gemu kwa Vitumbua vya Hitma

Aibu hii bado iko Tabata, na ni afadhali muisikie kwangu kabla hamjaisikia kwa shangazi, maana yeye akiisimulia, vitumbua huongezeka kila mwaka.

Mama alipomfuata baba kaburini, mie niliacha shule darasa la sita nikabaki na wadogo zangu, nikawa nakaanga vitumbua vya kuuza. Shangazi hakuamini kwamba nitaweza. Alitaka tugawanywe kwa ndugu, huyu Kibamba, yule Tegeta, na mie nikamwomba asubiri hitma ya mama, nitaiandaa mwenyewe, akiona imeharibika basi awachukue. Akakubali. Hitma ikapangwa nyumbani kwake kwa sababu chumba chetu kisingetosha watu, na siku hiyo baada ya alasiri nikatoka na beseni la vitumbua kichwani, nimelifunika kwa kanga ya mama (mpya, hakuwahi kuivaa), Hamisi, anayenifuata kuzaliwa, nimeshamtanguliza akanunue sukari ya chai.

Hamisi nikamkuta barazani kwa Seifu. Enzi zile za ruksa vitu vilikuwa vinaingia mjini kila kukicha, na Seifu, kijana wa dukani, alikuwa ameweka televisheni na gemu, watoto wanalipa, wanacheza. Hapo hapakuwa na ubaya. Ubaya ulikuja alipobuni bahasha: unanunua bahasha iliyofungwa, ndani mna kikaratasi kilichoandikwa "Pole", au "Dakika tano", au "Saa nzima", na watoto wakaacha kununua gemu, wakawa wananunua bahasha. Hamisi alikuwa ameshika "Pole", na sukari hana.

Ningemshika mkono tukaenda zetu. Badala yake nikalitua beseni.

Nikamwambia Seifu mbele ya watoto wote kwamba anawaibia, kwamba hiyo saa nzima haimo. Hakukasirika (Seifu hakasirikagi).

"Imo, dada Mwanaidi. Chagua mwenyewe uone."

"Sina hela."

"Kitumbua hakikataliwi."

Nikaona sawa, kimoja tu, nimuumbue. Pole. Nikasema mmeona, na mtoto mmoja akanijibu kwa adabu kwamba bahasha moja haioneshi kitu, jambo ambalo ni kweli, nikatoa kitumbua kingine. Pole. Iliyofuata ikawa "Dakika tano", na hapo ndipo nilipopotea, maana moyo uliniruka kama niliyepewa kiwanja, na dakika zenyewe wala sikuzitaka, nilitaka bahasha nyingine. Kanga ikawa inafunuliwa, vitumbua vinakwenda kwa Seifu, Seifu anawagawia watoto, nao wanakula huku wakinishauri bahasha ipi inaonekana nene. Hamisi akawa ananivuta gauni, dada twende, watu wanasubiri. Nikamwambia anyamaze, tumekaribia.

Halafu ikatoka. Saa nzima. Watoto wakashangilia, mie nikakaa kwenye benchi kuicheza, kwa sababu ningeiachaje kwa gharama ile, na ndivyo shangazi alivyonikuta, ameongozana na ustadhi aliyeisoma hitma, wamekuja kutazama kama nimegongwa na gari: nimeshika pedi ya gemu kwa mikono miwili, na mtu wangu kwenye televisheni anatumbukia shimoni.

"Vitumbua viko wapi?"

Seifu akanisaidia.

"Amepata saa nzima, shangazi."

Shangazi akafunua kanga, akaona mafuta tu chini ya beseni, akafunika tena taratibu. "Kati yenu nyie wawili," akauliza, "mkubwa ni nani?"

Hamisi akaninyooshea kidole, ila bila uhakika.

Wageni walikunywa chai ya rangi, kavu, haina hata sukari. Ustadhi alisema inasafisha kifua. Wadogo zangu hawakugawanywa wote, ustadhi alituombea, lakini Hamisi alihamia kwa shangazi mwaka mzima, mpaka, kwa maneno yake shangazi, "dada yako akue."

Nimejaribu sana kumlaumu Seifu. Shida ni kwamba saa nzima ilikuwamo kweli. Angekuwa mwizi ningemkimbia. Yeye alinipa kile nilichokuwa nakitafuta, kitu ambacho asubuhi yake sikuwa hata nakitaka, na watoto wale aliwapa hivyo hivyo kila siku. Wiki iliyofuata alinipitia nyumbani kunikumbusha kwamba dakika zangu hazijaisha, nikazimalizie. Sikwenda. Na siku hizi nikijitwika beseni siliteremshi mpaka nimefika ninakokwenda, hata nikiitwa kwa jina langu.