Subiri Sauti ya Aliyefunga Maji

Kuna asubuhi moja pale kituo cha maziwa, karibu na Kikwe, ambayo nikiikumbuka bado damu inanichemka. Mwanangu, leo sina upole. Ile ratiba uliyonionyesha jana hapa kwangu Olasiti, ya kazi za kompyuta zinazofuatana kwa saa, niliitambua mara moja. Ni ujinga wangu mwenyewe wa ujanani.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo, binti pekee kituoni aliyejua mambo ya hifadhidata, na kichwa kimevimba. Kila alfajiri kompyuta ilifanya kazi tatu. Mbili zilikwenda kwa pamoja: moja iliingiza uzito wa maziwa ya kila mfugaji, nyingine majibu ya maabara. Ya tatu ilisoma yote hayo na kutoa orodha ya maziwa ya kukataliwa. Niliipangia ianze saa moja kamili, kwa kuwa siku zote zile mbili huwa zimeshamaliza. Siku zote! Nawe jana ulilitamka neno hilo hilo, nikajizuia nisikurushie kikombe.

Mama Elinipa, mjane jirani yetu, alikuwa na ng'ombe mmoja aliyechomwa sindano ya ugonjwa wa kiwele. Maziwa yake yalikuwa yamekataliwa mara ya kwanza kwa kuwa na dawa, naye akatulia nyumbani siku zote alizoambiwa na daktari wa mifugo. Sheria ya kituo ilikuwa kali: ukikataliwa mara mbili mfululizo, jina lako linafutwa kituoni. Asubuhi aliyorudi, kazi ya maabara ilichelewa. Ile ya tatu haikuuliza. Saa moja ilipofika ikaanza, ikachukua majibu ya zamani ya Mama Elinipa, yale yenye dawa.

Karani akasoma orodha mbele ya foleni nzima.

"Mama, umerudia tena? Na wewe ni mzee wa kanisa!"

Akamwaga maziwa mtaroni, watu wakacheka. Mama yule alijifunga kitenge vizuri, akaokota ndoo yake, akaondoka. Majibu mapya yaliingia muda mfupi baadaye. Maziwa yalikuwa safi.

Jioni nikapanda kwa baba, aliyekuwa mzee wa mfereji wa kumwagilia mashamba kwetu mlimani, nikidhani atanifariji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimesikia. Hebu niambie, huku kwetu tunapokezana maji kwa kutazama saa?"

"Hapana, baba. Aliye juu akifunga, anaita."

"Anaita akiwa njiani kwenda kufunga?"

"Akishafunga."

"Na walio juu yako wakiwa wawili?"

"Nasubiri waite wote wawili."

"Kumbe unajua! Toka. Kamwombe yule mama radhi kabla hujala chakula changu."

Nilikwenda. Mama Elinipa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanimiminia kikombe cha maziwa.

"Kunywa," akasema. "Wewe si ndiye mpimaji?"

Nilikunywa huku machozi yananitoka. Jina lake lilirudishwa, karani akaja kumwomba radhi, lakini hakuleta maziwa kituoni tena. Wale waliocheka kwenye foleni hatukuweza kuwakusanya tena wote tuwaeleze. Maji yakimwagika hayazoleki.

Na kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba hifadhidata yenyewe ilikuwa na njia yake ya kuita, na mimi nikaona uvivu kuisoma. Basi fanya hivi, wala usinibishie. Futa hizo saa. Kazi ya tatu ijiandikishe kusubiri ishara, na isianze mpaka zile mbili zote ziwe zimeita. Kila moja iite ikishathibitisha ilichoandika, si kabla. Na mwito ukikawia kupita kiasi, kazi isimame na ikuambie, upande juu ukaangalie kuna nini, maana kuuliza si ujinga. Usibahatishe.

Ukimaliza, njoo unionyeshe, nitakupikia mwenyewe. Mungu akubariki, mwanangu, aibariki mikono yako na akili yako. Na akuepushe na kikombe kile, kwa sababu mimi tangu siku hiyo maziwa hayanipiti kooni.