Namba za Kamba ya Mkonge

Mwaka ule nilikuwa nafundisha darasa la tatu katika shule moja huku juu milimani, na kitu nilichojivunia kuliko vyote kilikuwa kuta za darasa langu. Nilipasua mifuko ya saruji, nikageuza upande safi, nikaandika kwa kalamu nene za maka, nyekundu na buluu: jedwali la kuzidisha, mstari wa namba kutoka mlangoni hadi dirisha la mwisho, chungwa lililokatwa nusu na robo. Saa niliitengeneza kwa boksi, mishale yake ikizunguka kwenye msumari. Ukungu ukiingia asubuhi karatasi zililegea, nami nikazibandika upya kwa uji wa muhogo. Walimu wenzangu walikuja kuchungulia.

Kulikuwa na msichana wa miaka tisa, mpole, aliyekaa nyuma. Aliishi na bibi yake, mkulima wa tangawizi. Kila nilipouliza swali la ukutani alinyamaza, nami moyoni nikamhesabu kuwa mzito wa kuelewa. Siku moja katikati ya kipindi aliinuka, akaenda kwenye jedwali, akasogeza uso mpaka pua ikagusa karatasi.

"Unataka kuila?" nikamwuliza. Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao.

"Naitafuta sita, mwalimu."

Kicheko kile bado kinaniuma.

Nikamhamishia dawati la mbele. Nikaandika namba kubwa kama kiganja, halafu kubwa kama sahani, hadi ukuta mzima ukabeba namba nne tu. Alisimama hatua mbili kutoka ukutani, akasema anaona weusi unaotembeatembea.

Jumamosi nikapanda kwa bibi yake. Nilimkuta amekaa nje, anakwangua udongo kwenye tangawizi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Amefanya nini?"

Nikamweleza. Hakuacha kukwangua. "Mama yake alianza hivyo hivyo," akasema. "Mpaka anamzaa huyu, hakumwona uso."

Tukateremka wote watatu hadi Same mjini. Daktari wa macho alimmulika mtoto muda mrefu, kisha akazima tochi. Alisema ugonjwa uko nyuma kabisa ya jicho, miwani haitasaidia, na kile kidogo anachokiona kitaisha. Cha maana sasa ni kumpata mwalimu anayejua kufundisha wasioona.

"Huko kwetu wapo?" bibi akauliza.

Daktari akanitazama mimi. Nikatazama sakafu.

Niliandika barua ya kumwombea nafasi katika shule ya bweni yenye walimu wa namna hiyo. Wakati tunasubiri majibu, nikanunua kamba ya mkonge, nikaikata na kuigandisha juu ya mbao kwa umbo la namba, moja hadi tisa. Chini ya kila namba nikabandika mbegu za mahindi za idadi yake. Nilizitundika chini, usawa wa mkono wake. Siku ya kwanza alipitisha vidole taratibu, akarudia, akasema, "Hii ni tano. Ina tumbo." Wiki ya tatu alikuwa anajumlisha. Watoto wengine wakaanza kufumba macho na kupapasa naye, wakigombania zamu. Panya walikula mahindi, nikabandika kokoto. Nadhani hizo ndizo siku pekee nilizowahi kufundisha kweli.

Majibu yakaja: nafasi zimejaa, tuombe tena mwakani.

Akapanda darasa la nne. Mimi nilibaki na la tatu. Nilihamishia mbao zangu kwenye darasa lake, na mwalimu wao, mtu mwema, alinishukuru. Lakini darasa la nne lina mtihani, na mtihani uko kwenye karatasi. Mbao zikasukumwa pembeni kupisha madawati. Siku ya hesabu msichana alipewa karatasi kama wenzake. Baadaye aliniambia aliipapasa pande zote mbili, akaona ni laini, akakaa kimya mpaka muda ukaisha.

Akakariri darasa. Katikati ya mwaka akaacha kuja.

Nilikwenda kwao. Alikuwa jikoni, anachagua maharage kwa vidole, mawe huku, maharage kule. Alinijua kwa sauti, akaniamkia, akauliza kama darasa lipo palepale. Nilimwambia bibi amrudishe mtoto shuleni, nami nitamfundisha jioni.

"Atakariri mpaka lini, mwalimu?" bibi akasema bila hasira. "Kule anajikwaa na kuchekwa. Hapa anajua kila kona. Mimi nami nimezeeka, nitamshika mkono mpaka wapi?"

Nikarudi kuomba nafasi katika shule ile ile. Barua ya pili ilijibiwa kwa maneno yaleyale, na ya tatu haikujibiwa kabisa. Mwaka huu bado sijaandika. Fomu ya maombi ya shule ile iko mezani kwangu, na pale penye umri wa mwombaji nimeandika mara moja nikafuta, kwa sababu ameshapita umri wanaoupokea.