Matobolwa ya Pilipili

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai, na aibu niliyoipata kwa kushuku huko bado inanifanya nijitande kanga mpaka puani nikipita karibu na ile shule, maana wapo wazazi wa enzi zile ambao wakiniona tu wanajifanya kupiga chafya (washenzi hao, nawajua mmoja mmoja).

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, baba Kabula kapunguzwa kiwandani, maduka ya Buhongwa yamejaa biskuti na sisi tunaziangalia tu, kwa hiyo binti yangu Kabula, wa darasa la tano, nilikuwa namfungia matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, ale wakati wa mapumziko. Basi akaanza kurudi nyumbani shati halina kifungo, mara mkono una alama za kucha, nikimbana anainama na kusema wakubwa wanamnyang'anya chakula. Ajabu njaa alikuwa hana, jambo ambalo mshuku yeyote angelishika, ila mimi siku hizo nilikuwa nashuku wengine.

Nikamshuku Masanja wa darasa la saba, lile jitu lililokwisha kuota ndevu, nikamshuku mwalimu wa zamu kwamba wanakula pamoja, nikamshuku hata mwalimu mkuu kwa sababu aliitikia salamu kwa utamu uliozidi. Na mimi ndiye mjumbe wa kamati ya shule, niliyechaguliwa nihakikishe watoto hawaonewi! Watu wangesema nini?

Siku ya mkutano wa wazazi nikatwanga pilipili kichaa, nikayapaka matobolwa, nikayakausha jikoni. Nikamwambia Kabula leo asile hata moja, wakiyataka awaachie. Sababu sikumwambia, maana mdomo wa mtoto siuamini.

Mkutanoni nikasimama, nikasema mpaka mate yakaniruka, kwamba walimu wamelala na kuna wazazi wanafuga chui wakidhani ni paka, huku namkazia macho baba Masanja, fundi baiskeli, aliyekaa na kofia yake magotini. Kengele ya mapumziko ikalia. Haukupita muda tukasikia kilio huko nje, nami nikaruka juu.

"Huyo ndiye mwonevu wenu. Mleteni hapa mbele!"

Akaletwa. Kabebwa mgongoni na Masanja, katoto ka darasa la pili kanaitwa Tabu, midomo imevimba, kamasi na machozi vimechanganyika, na Masanja anahema akimwombea maji. Mtu mwenye akili angekaa chini. Mimi nikamshuku yule mtoto, nikamwuliza nani kamtuma kuiba.

"Dada Kabula," akasema kwa kwikwi. "Kila siku anachukua maandazi yangu, ananipa haya. Nikikataa ananifinya."

Baba Masanja akavaa kofia yake taratibu, akaniuliza, "Mama Kabula, na pilipili kaweka nani?"

Nilitamani kumshuku mtu, yeyote yule, nikakosa. Nikasema, "Mimi."

Nyumbani nikamkalisha Kabula, nikamwuliza roho hiyo kaitoa wapi. Hakulia. Alinitazama usoni akasema, "Mama, si wewe ulisema bora nionee kuliko nionewe?" Na ni kweli nilisema, tangu yuko darasa la kwanza, kila nilipomsuka nywele, nikidhani ndiyo malezi. Nilijisikia vibaya mpaka chakula cha jioni sikukigusa.

Kesho yake tukaenda mimi na yeye kwa mama Tabu na kibuyu cha maziwa. Kabula alipiga magoti akaomba radhi, na Tabu akampa mkono. Nilipomsogelea mimi, akakimbilia nyuma ya mama yake akajificha. Mama Tabu hakunitukana, aliingia ndani akatoka na vifungo vitatu vyeupe, vina uzi mweusi niliovishonea kwa mkono wangu, akasema amekuwa akivikuta mfukoni mwa mwanawe kila akifua na alikuwa hajui ni vya nani.

Ujumbe wa kamati nikauacha bila kuambiwa. Kushuku sijaacha, siwezi kuwadanganya. Ila siku hizi mjukuu akirudi na shati limekosa kifungo, sikimbilii shuleni. Namkalisha yeye kwanza, namwuliza kifungo kimebaki mkononi mwa nani.