Pointi za Kwenda Makka

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, nilipomshauri mamangu aende akarudishiwe pesa zake za Hija. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu, nimerudi Malindi kutoka Amerika na diploma ya uendeshaji wa hoteli. Nalitaja hilo bila kuona haya. Nilianza kwa kufua mashuka katika hoteli moja ya Watamu, nikajifunza Kiingereza kwa wageni, nikajipeleka ng'ambo kwa jasho langu, na niliporudi nikapewa ofisi katika hoteli ileile. Katika rika langu mtaani Shela, hakuna mwingine aliyefanya hivyo.

Kule Amerika, nilikosoma huku nikifanya kazi, nilikuwa na kadi ya benki, ya kununulia vitu kwa mkopo. Kila dola niliyotumia iliniandikia pointi katika shirika moja la ndege, na kila safari ya kazi ikaongeza nyingine. Zikifika kiwango fulani, shirika hukupa tiketi bure. Zangu zilitosha tiketi mbili za kwenda na kurudi, na shirika lile lilikuwa na mapatano na jingine lililoruka kutoka Nairobi hadi Jeddah.

Mamangu, Bi Mwanaisha, alikuwa ameshona kofia kwa mkono miaka na miaka ili apate nauli. Alikwisha kumlipa Maalim Athman, aliyekuwa akikusanya kundi la mahujaji wa Malindi na Mambrui, nami ndiye niliyekuwa nifuatane naye kama maharimu wake. Jambo moja tu lilimhangaisha: magoti. Alitaka kuizunguka Kaaba kwa miguu yake mwenyewe, na daktari alikwisha kumwambia kwamba miguu ile haikubakiwa na muda mrefu wa kutembea.

Nikamwambia, "Mama, pesa zako chukua uezeke nyumba. Mimi nitakupeleka bure."

Alinitazama kwa fahari. Siwezi kukuficha, mwanangu, mtazamo ule niliupenda.

Maalim Athman hakuupenda. Tulipofika kwake alivua miwani akaniuliza, "Hizo pointi ni pesa?"

"Si pesa, Maalim. Ni kama pesa."

"Basi na safari nayo itakuwa kama safari."

Watu waliokuwa barazani walicheka, nami nikacheka nao, nikijua kwamba pale hakuna aliyewahi kushika kadi kama yangu. Nilimweleza kwamba haya mambo nimeyasomea. Akahesabu pesa, akampa mamangu, na nafasi yake akaiandika kwa jina la jirani yetu, Bi Rukia, aliyekuwa akingoja mtu ajitoe.

Nikaandika barua Amerika kuomba tiketi, nikataja na tarehe. Jibu lilikawia, na katika kungoja huko mamangu akaanza kutaka radhi.

Unajua desturi yetu. Anayekwenda Hija huenda nyumba kwa nyumba kuaga na kuomba asamehewe, maana huenda asirudi. Mamangu hakuacha mtu. Alianza na majirani wa Shela, akaenda kwa watu wake wa Watamu na Dabaso, akafika hata kwa mama mmoja wa Sabaki aliyewahi kubishana naye sokoni kwa ajili ya fungu la mchicha. Mwisho akapanda basi mpaka Mambrui kwa wifi yake, shangazi yangu Bi Khadija. Wawili hao hawakuwa wakisemezana tangu babangu azikwe. Walilia pamoja, wakasameheana, akarudi na kikapu cha mayai.

Barua ikaja. Ilikuwa ya adabu sana. Walinishukuru kwa kusafiri nao, wakasikitika kunijulisha kwamba tiketi za pointi hazitolewi katika misimu ya wasafiri wengi, na siku za Hija ni mojawapo. Nilikitoa kwenye mtoto wa meza kile kijitabu chao. Kurasa zenye picha za ndege nilikwisha kuzisoma mpaka nikazihifadhi. Ukurasa wa mwisho, wenye herufi ndogo, sikuwa nimeufungua. Habari yote ilikuwa pale.

Nilikimbia kwa Maalim na pesa mkononi. Majina yalikuwa yamekwisha kupelekwa, orodha imefungwa.

Mamangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Rukia keshapata karatasi zake?"

"Keshapata."

"Basi asisumbuliwe. Kesho vaa ile tai yako ya kazini. Tutakwenda nyumba zote nilizoaga, na wewe ndiye utakayesema."

Ilituchukua siku nne. Kila mlango nilitoa shikamoo, nikaeleza kwamba mamangu haendi, na kosa ni langu. Wengine walinipa pole, wengine walinipa chai. Wa Sabaki alinicheka hadharani. Mambrui shangazi yangu alitupokea mlangoni.

"Karibu, hujaji wa karatasi," akaniambia. "Na hiyo diploma, walikupa kabla ya kukufunza kufungua ukurasa wa mwisho?"

"Mwache, wifi," mamangu akasema. "Utamliza, ataloweza tai."

Shangazi akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamshika mamangu mkono. "Na zile radhi zetu?"

"Radhi siji kuzirudisha. Nimekuja kukwambia tu kwamba bado nipo."

Mwaka uliofuata tulilipa kwa Maalim Athman, mimi na yeye, mapema kuliko wote. Pointi zangu sikuzitupa. Baadaye nilizitumia kwenda London katika mwezi usio na wasafiri, nikakaa dirishani, na sikulipa nauli. Kwa safari kama ile ni kitu kizuri, na ningali najivunia.

Lakini kufikia mwaka huo wa Hija magoti yalikuwa yamekwisha. Mamangu alizungushwa Kaaba juu ya machela, amebebwa na wanaume wanne, nami nikienda mbio kando yao. Katikati ya dua aliinama akaniambia, "Hesabu vizuri, Salimu. Miguu hii ni ya kukodi."

Sasa nisikilize, mwanangu. Nyinyi leo mna kadi mpaka ndani ya simu, na pointi za kila namna. Zikusanye, werevu si dhambi. Ila fahamu kwamba pointi ni ahadi ya mtu mwingine, na aliyeahidi ndiye anayechagua siku. Zitumie kwa safari inayoweza kungoja. Safari yenye siku yake, ya Hija, ya mazishi, ya kumwona mgonjwa, ilipie. Ukipewa kijitabu, anza kukisoma kutoka nyuma. Na kama mtu ameshika nafasi yake kwa mkono wake, usimwambie aiachie mpaka tiketi yako uwe umeishika wewe. Mimi nilikuwa na elimu ya kutosha kulijua hilo. Nilichotaka ni kule kutazamwa.

Mwenyezi Mungu akufungulie njia, akupe cha kujivunia kwa haki. Na wale utakaowaahidi safari, akujaalie uwafikishe wangali na miguu yao.